Bi Tabu na Mstari wa Mlezi

Nimebakiza miaka miwili na miezi mitano nistaafu, na kama kuna kitu kilichonichosha katika kazi hii ya uuguzi, si damu wala zamu za kukesha. Ni karatasi. Tena karatasi moja, fomu ya ridhaa, ile yenye mstari chini ulioandikwa "sahihi ya mzazi au mlezi". Nimeona mtoto aliyevunjika mkono akikaa kwenye benchi letu toka saa nne asubuhi hadi saa kumi, analia mpaka anasinzia, anaamka analia tena, kwa sababu mstari ule hauna wa kuujaza. Baba yuko bandarini, mama yuko Kariakoo. Simu ya baba inaita haipokelewi, ya mama imeisha chaji. Mwalimu aliyemleta anatazama saa yake, nami natazama ukuta.

Kwa miaka zaidi ya kumi, dawa ya karatasi hiyo ilikuwa Bi Tabu Mfaume.

Kituo chetu cha afya kiko Mtoni, ukiingia ndani kidogo kutoka Barabara ya Kilwa, na nyumba ya Bi Tabu ni ya tatu nyuma ya ukuta wetu. Ni mwenyeji hasa, mtu wa pwani, wa tangu Mtoni ina minazi mingi kuliko nyumba. Alifanya kazi kiwanda cha nguo miaka kumi na tisa, kiwanda kikafungwa, akarudi nyumbani na magoti mabovu na cheti cha utumishi mwema alichokitundika sebuleni. Baadaye watu wa mtaa wakamchagua kuwa mjumbe. Mimi nilipohamishiwa hapa nikitokea Bukoba, yeye ndiye mtu wa kwanza kunicheka. Alinisikia nikimweleza mgonjwa namna ya kumeza vidonge, akasema, "Nyie Wahaya hata dawa mnaisomea risala." Toka siku hiyo tukawa marafiki, japo ni mkubwa wangu kwa miaka kumi na zaidi, na shikamoo yake sijawahi kuiacha.

Aliingia kwenye habari ya fomu bila kukusudia. Mtoto wa jirani yake alikanyaga chupa iliyovunjika, kisigino kikapasuka vibaya. Tabibu wa wakati ule akasema kidonda kirefu, lazima mtoto apewe dawa ya usingizi ndipo ashonwe, na bila mzazi yeye hagusi. Mama alikuwa soko la Tandika, simu kaiacha nyumbani. Bi Tabu alikuja siku hiyo kumletea uji mgonjwa wake wodini. Akasimama na chupa yake ya chai mkononi.

"Mama Gozbert, huyu mtoto mnamtazama tu?"

Gozbert ni mwanangu wa kwanza, na Bi Tabu hajawahi kuniita Demetria hata siku moja. Nikamweleza shida. Nikamwonyesha na mstari wenyewe.

"Hapa pameandikwa mzazi au mlezi," akasema. "Mlezi ndo nani?"

"Ni mtu anayemlea mtoto, Bi Tabu."

"Huyu juzi kala kwangu, jana kala kwangu, na wiki iliyopita nilimchapa kwa kutukana wakubwa. Nipe kalamu."

Akaandika jina lake lote, herufi moja moja, kama walivyofundishwa darasa la watu wazima kiwandani: Tabu Mfaume Kondo. Mtoto akashonwa. Jioni mama yake alipofika alimshukuru Bi Tabu mpaka akapiga magoti.

Basi ikawa ndiyo desturi. Hakuna aliyeiandika popote. Mtoto akija na mwalimu, au akaletwa na dereva wa bajaji aliyemgonga, na wazazi hawapatikani, mtu wa mapokezi anasema tu, "Kamwiteni Bi Tabu." Mara nyingi hata hatukumtuma mtu. Mimi nilikuwa nasogea dirisha la nyuma, napaza sauti juu ya ukuta, naye anaitika akiwa anasonga ugali.

Msidhani alikuwa anasaini kama mtu anayesaini mahudhurio. Asipoelezwa kitakachofanyika kwa Kiswahili cha kueleweka, hasaini. Halafu anamwinamia mtoto, anamuuliza jina, anamuuliza kama anajua atakachofanyiwa na kama anakubali. Wa miaka saba, wa miaka kumi na sita, wote aliwauliza. Katika watu wote waliopita chumba kile, madaktari na sisi manesi tukiwemo, ni yeye peke yake aliyekuwa akimuuliza mwenye mwili. Na akishasaini haondoki. Anakaa nje ya mlango, goti kalinyoosha, mpaka mtoto azinduke, ndipo anakwenda kuwasubiri wazazi kibarazani kwao awape habari kwa mdomo wake.

Sheria si kwamba sikuijua. Aliye chini ya miaka kumi na minane ni mtoto, na mtoto anasemewa na mzazi wake au mlezi wake. Mambo yamelegezwa hapa na pale. Siku hizi wa miaka kumi na mitano anaweza kuja peke yake kupima virusi vya Ukimwi, na tunampima bila kumpigia mtu simu. Mtoto huyohuyo akija na jipu linalotaka kisu, tunamuuliza mama yuko wapi. Hatari ikiwa ya kufa na kupona, daktari anaingia bila kungoja. Lakini kati ya jipu na kufa pana uwanja mkubwa, na humo ndimo watoto wa Mtoni wanamoumia mchana wazazi wakiwa kazini. Tulimweka Bi Tabu kwenye uwanja huo kwa sababu ilitufaa sisi. Nasema tulimweka, maana siku mambo yalipoharibika kila mtu alijifanya kwamba alijiweka mwenyewe.

Yaliharibika kwa mkono wa Blessing, binti wa miaka tisa. Baba yake, Rogers, ni mtu wa bara mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtongani. Blessing aligongwa na bodaboda akivuka kwenda shule, mfupa wa mkono ukapinda hata mtu asiyesoma angeuona. Mama yake alikuwa amesafiri kwenda msibani, Rogers mwenyewe hapatikani kwenye simu. Nikasogea dirishani, nikaita, "Bi Tabu, njoo, kuna mkono." Akaja. Akauliza maswali yake, akasaini. Tukamlaza mtoto usingizi, mfupa ukanyooshwa, akafungwa plasta nyeupe, akaamka anadai soda.

Rogers alifika jioni. Alimwona mtoto, akamshika shavu, kisha akaona faili mezani na fomu juu yake.

"Hapa nani kaandika mlezi?"

"Bi Tabu, mjumbe," nikamjibu. "Tulikutafuta hukupatikana."

"Kwetu sisi, sista, mtoto anaandikiwa mlezi akiwa yatima. Ukiona hivyo ujue baba yake ameshazikwa." Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu angepaza. "Nimetoka nyumbani asubuhi mzima. Nafika hapa nakuta nimeshakufa."

Wapo waliocheka pale mapokezi, na kicheko kile ndicho kilichotuponza. Habari ikatoka nje. Dar hamna kitu kinachosafiri haraka kama utani. Wiki haijaisha vijana wakawa wanaingia dukani kwa Rogers wanamwambia, "Marehemu, hebu nipimie misumari kilo moja." Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu akaenda kushtaki serikali ya mtaa.

Tuliitwa ofisini kwa mwenyekiti, watu wanne: Rogers, Bi Tabu, mimi, na Dk. Fredrick, mganga mfawidhi wetu mpya, kijana ambaye ndiyo kwanza alikuwa ana miezi minne tangu akabidhiwe kituo. Mwenyekiti alikuwa na kikao kingine kinamsubiri. Akauliza swali moja tu.

"Bi Tabu, nani alikutuma ukasaini?"

Bi Tabu akanigeukia. Hakunikazia macho, aliniangalia tu, kama mtu anayekupisha mlangoni upite kwanza. Na mimi nikatazama viatu vyangu. Niliwaza miaka niliyobakiza, niliwaza barua ya onyo kwenye faili langu, niliwaza Dk. Fredrick atasemaje. Haikuchukua hata nusu dakika. Mpaka leo najionea haya, na nikisema nilipitiwa nitakuwa naongeza uongo juu ya woga.

"Hakuna aliyenituma," Bi Tabu akasema. "Nilisikia mtoto analia."

"Lakini ukaandika mlezi."

"Niliandika." Akamgeukia Rogers. "Baba Blessing, nisamehe. Sikuandika kwamba umekufa. Niliandika jina langu, basi. Nimekukosea, nimekubali."

Rogers akaguna. Si mtu mbaya. Nadhani alipomwona mama wa miaka sitini na nane anamwomba radhi mbele ya watu, na mwanawe mkono umenyooka, aliona aibu iliyoizidi ile ya misumari. Akasema yameisha, akatoka haraka.

Kwa Dk. Fredrick hayakuisha. Jumatatu tukakuta tangazo limebandikwa mapokezi, limechapwa kwa herufi kubwa. Kuanzia sasa fomu ya ridhaa ya mtoto itasainiwa na mzazi mwenyewe, au mlezi mwenye hati. Chini yake muhuri wa kituo. Sheria ikishuka kwetu huwa inafika hivyo, imeshakuwa karatasi ya ukutani, imeongezewa na woga wa aliyeibandika.

Nilimfuata Bi Tabu kwake nimwombe radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Alikuwa anachambua mchele, hakuniacha nifike mbali.

"Mama Gozbert, we una kazi ya kulinda. Mie nina magoti tu. Yaache." Akapeta ungo. "Tena afadhali. Nimechoka na benchi lenu."

Kweli alikuwa amechoka, nilimwona. Lakini toka siku hiyo hakukanyaga tena kituoni isipokuwa kuchukua dawa zake za presha, na dirisha la nyuma likawa la kuingiza hewa tu.

Mwezi wa sita, asubuhi ya Jumanne, alikuja kwa miguu yake mwenyewe, kamshika Najat kiunoni. Najat ni mjukuu wake, ana miaka kumi na mitano, yuko kidato cha pili. Mama yake, Tunu, alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani Najat akiwa wa miaka mitatu, na toka hapo amerudi mara mbili. Baba yake, Marijani, alishamwacha Tunu kabla ya hapo, akahamia Kimbiji, akaoa, akazaa wengine. Huyo hakurudi hata mara moja. Mtoto alimlea Bi Tabu. Ndiye aliyemuuguza surua, ndiye aliyemwandikisha shule, ndiye aliyemweka ndani na kumfunda alipovunja ungo. Ukimwona Najat anatembea, unamwona Bi Tabu kabla hajaharibika magoti.

Siku hiyo alikuwa hatembei, anajikunja. Tumbo lilimshika usiku, likahamia kulia chini, na kila akikanyaga anauma midomo. Dk. Fredrick akampapasa, akampima kwa mashine ya picha, akarudia mara mbili.

"Kidole tumbo," akaniambia. "Kimevimba sana. Tunamfanyia hapahapa, leo."

Chumba cha upasuaji tunacho, na kidole tumbo Dk. Fredrick ameshatoa vingi. Nikachukua fomu kwa mazoea, nikampa Bi Tabu. Alishaanza kuandika ile herufi ya kwanza daktari alipoweka kiganja juu ya karatasi, taratibu tu.

"Samahani bibi. Wewe ni nani wake?"

"Bibi yake, mzaa mama."

"Mama yuko wapi?"

"Muscat, kazini."

"Na baba?"

"Huyo hatunaye."

"Amefariki?"

Bi Tabu akafikiri kidogo. Nadhani alimkumbuka Rogers. "Hajafa. Yuko Kimbiji."

"Una hati yoyote ya ulezi? Ya mahakamani, au ya ustawi wa jamii?"

"Hati gani, baba? Nalala naye chumba kimoja toka ana miaka mitatu."

Dk. Fredrick akavua miwani akaifuta. Alikuwa anaona haya, namtetea kwa hilo. "Bibi, nakuelewa kabisa. Lakini hata mimi nimefungwa. Tangazo lile pale tumeliweka baada ya ile kesi yako."

Safari hii nilisema. Nilisema kwa sauti, mbele ya wagonjwa. "Daktari, mtaa mzima unajua kwamba huyu ndiye mlezi wa huyu mtoto. Mimi mwenyewe shahidi."

"Na wa Blessing je, sista?" akaniuliza. "Si ndivyo hivyohivyo nilivyowakuta mmezoea? Leo nitajuaje yupi wa kweli, yupi wa mazoea?"

Kimya changu cha pale ofisini kilikuwa kimemaliza maneno yangu yote.

Bi Tabu akauliza, "Tukikaa hivi si kitapasuka?"

"Kikipasuka itakuwa dharura," daktari akasema. "Hapo naingia bila kumuuliza mtu." Nadhani alikisikia mwenyewe alichosema, maana aliinamia faili na hakuinua uso kwa muda.

Tulianza kutafuta. Simu ya Tunu imezimwa. Mwajiri wake anaichukua asubuhi na kumrudishia jioni, Bi Tabu alilijua hilo, alipiga tu ili mtu asiseme hakupiga. Ofisa ustawi wa jamii alikuwa kwenye semina, akasema kwa kunong'ona tuandike barua ataiona kesho. Gari letu la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito hospitali kubwa na halijarudi, na hata lingerudi, huko nako wangeanza kwa kuuliza mama yuko wapi. Najat alikuwa amelala ubavu, dripu mkononi, haongei. Saa tano ikapita. Homa ikapanda.

"Itabidi tumpate baba," daktari akasema.

Bi Tabu hakuwa na namba ya Marijani. Alikuwa na namba ya dada wa Marijani, anayekaa Kigamboni, ambaye hawajaongea tangu talaka. Akampigia. Na kwa kuwa ni mtu wa pwani, na huwezi kumvamia mtu kwa shida yako, alimjulia hali kwanza. Akauliza mume, akauliza watoto, akapokea salamu za wazee, akatoa pole ya msiba wa mwaka juzi. Mjukuu wake anaugulia hatua tatu kutoka pale, naye anaitikia, "Alhamdulillah, sie wazima." Mkono wake wa pili ulikuwa umeishika nguzo ya kitanda, umeikamata kwelikweli. Nilitamani nimpokonye simu nipige kelele. Mwishoni ndipo akasema, "Sasa shoga yangu, nilikuwa na ombi."

Namba ikaja saa saba kasoro. Mtandao wa Kimbiji nao unajulikana, unakuja ukipenda. Mara ya kwanza haikuita. Mara ya pili ikaita ikakatika. Mara ya tatu akapokea. Kwa ridhaa ya simu utaratibu wetu ni sauti iwe ya nje, na watumishi wawili wasikilize. Kwa hiyo tuliisikia sote: daktari, mimi, na Bi Tabu aliyeshika simu yenyewe kwa sababu ilikuwa yake.

"Naongea na Marijani?" daktari akauliza. "Mimi ni daktari, kituo cha afya Mtoni. Ni kuhusu mtoto wako, Najat."

Upande wa pili kukawa na kelele ya mashine ya kusaga kokoto.

"Najat yupi?"

Daktari akamtazama Bi Tabu. Bi Tabu akasogeza mdomo kwenye simu. "Najat wa Tunu."

"Ahaa, huyo. Shikamoo mama. Kafanyaje?"

"Anahitaji upasuaji leo," daktari akasema. "Kidole tumbo. Tunahitaji ridhaa ya mzazi."

"Kwani bibi yake si yupo hapo? Nimemsikia."

"Yupo."

"Sasa si asaini yeye? Mie huyo mtoto hata nikikutana naye njiani simjui, nakwambia ukweli wangu. Mwenye mtoto si huyo mama? Mimi naulizwa nini?"

Dk. Fredrick akafumba macho. "Bwana Marijani, kwa utaratibu wetu yeye hana hati, wewe ndiye mzazi. Naomba jibu moja. Unakubali au hukubali?"

"Mie sina neno. Fanyeni." Mashine ikanguruma, simu ikakatika.

Maongezi yale hayakufika dakika mbili. Daktari akaandika kwenye ule mstari jina la Marijani, akamuuliza Bi Tabu jina la baba yake Marijani, kwa sababu Marijani mwenyewe hatukuwahi kumuuliza. Bi Tabu akalitaja. Chini ya fomu pana nafasi ya mashahidi wawili. Nikasaini ya kwanza. Daktari akasita, kisha akamsogezea Bi Tabu kalamu, nadhani kwa kumwonea huruma, na hapo ndipo alipoandika jina lake, herufi moja moja, kwenye nafasi ya shahidi.

Tulipokuwa tunamsukuma Najat, akatusimamisha mlangoni. Akamwinamia.

"Najat, unajua watakachokufanyia?"

"Watanipasua, bibi."

"Unakubali?"

"Nakubali."

"Haya, nendeni," akatuambia.

Kidole tumbo kilikuwa kimebakiza kidogo sana kipasuke. Daktari alikitoa kizima. Nje, Bi Tabu alikuwa kwenye lile benchi alilosema amelichoka.

Asubuhi yake nilikuta Najat amezinduka vizuri, kapewa maji ya kulowesha midomo. Bibi yake amekaa pembeni, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Nikaanza kubadilisha dripu.

"Bibi," Najat akasema, "jana nilisikia mnagombana habari ya kusaini. Mwisho nani alinisainia? Wewe?"

Bi Tabu akamrekebishia shuka. Alikuwa na haki ya kusema lolote, na kwangu mimi hata angetukana ningeona sawa.

"Baba yako," akasema.

Najat akataka kuinuka, kidonda kikamrudisha. "Baba? Alikuja?"

"Hakuwahi kufika, ni mbali. Ilikuwa kwa simu."

"Alisemaje?"

"Alisema tukufanyie haraka."

"Alijua ni mimi?"

"Atakosaje kumjua mwanawe?"

Nilikuwa nimeshika dripu, nahesabu matone ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Bi Tabu hakunitazama. Uso wa Najat ulikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, na ninamjua toka anaota meno ya pili. Akauliza kama namba ya baba ipo. Bibi yake akasema ipo, akamtafutia. Najat akaihifadhi kwa jina la Baba, kwa kidole kimoja, kwa sababu mkono mwingine ulikuwa na dripu, na muda wote huo Bi Tabu ndiye aliyemshikia simu.